Kadani Alikufa Zamani

Walicheka tena. Siku ya hitima ya baba yangu, watu walikuwa wameshakula pilau na mabirika ya chai yanazunguka, Fundi Gaspari akakohoa, akasogeza kiti mbele, akaanza kile kisa chake cha mtoto aliyeua kardani ya gari. Nimekisikia kwenye harusi. Nimekisikia kwenye ubatizo wa wajukuu zake. Nimekisikia barazani kwetu Rumonge tangu sijajua kufunga kitenge vizuri. Mtoto huyo ni mimi. Kila mara kisa kinaishia palepale, pale watu wanapogundua kwamba aliyekufa ni chuma cha gari na si mtu, wanashika mbavu, wanafuta machozi, na lazima mmoja anigeukie aniulize kama kweli nilisema vile. Miaka yote hiyo nimetabasamu. Nimetabasamu, na baadaye nimefika nyumbani nikawafokea watu wasiohusika kabisa.

Siku ya hitima nilikuwa nimekaa karibu naye sana, na shati lake lilinuka grisi. Amezeeka, hashiki tena spana, lakini ile harufu haijamtoka. Utoto wangu ulikuwa na harufu mbili, ya grisi na ya mawese yakichemka, na siku ile anayoisimulia Gaspari zote mbili zilikutana uani kwetu. Ndiyo maana nimeamua kukieleza kisa hicho mwenyewe, pamoja na mkia wake ambao fundi huwa anaukata.

Kwanza, gari halikuwa la baba. Lilikuwa la mdogo wake, baba yangu mdogo, jina lake Ramadani. Nyumbani waliomzaa walimfupisha akawa Dani, na kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, tena mfupi, wakambandika na ile ka yetu tunayowabandikia wadogo wote, kama tunavyosema katoto na kanyumba. Akawa Kadani. Mpaka watu wa sokoni walimwita hivyo, na mimi sikujua kwamba ana jina jingine. Alinunua gari, akaoa, kisha akavuka ziwa kwenda upande wa Kongo, kwenye milima iliyo nyuma ya Baraka, ambako watu walikuwa wanachimba dhahabu. Gari alimwachia kaka yake. Alimwambia alitunze, alifanyie kazi, na wote pale nyumbani wapate kula kwalo mpaka yeye arudi.

Mkewe pia alimwacha pale. Mama Mdogo Zaina alikuwa mtu wa Minago, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa bado msichana hasa, ingawa mimi nilimwona mtu mzima. Alikaa kwenye chumba cha uani. Alikuwa anachemsha chikichi, anazitwanga, anaengua mawese na kuyapeleka sokoni, na mikono yake ilikuwa na rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko. Kila Ijumaa asubuhi aliitoa kanzu ya baba mdogo kwenye sanduku, akaifua, akaianika, akaipiga pasi ya makaa na kuirudisha. Kanzu haikuwa imevaliwa na mtu. Nilimuuliza mara moja kwa nini anafua nguo safi, akaniambia kwamba mtu akitoka safari hapaswi kukuta nguo yake inanuka sanduku.

Boti zilipofika kutoka ng'ambo alikwenda bandarini, mara nyingine akanichukua. Aliwaamkia abiria mmoja mmoja, amahoro, habari za huko, kisha akawauliza kama wamemwona Kadani, mfupi, mwenye kovu kwenye kidevu. Wengi walikuwa hawajamwona. Wengine walitazama pembeni na kuanza kuhesabu mizigo yao. Mimi niliona watu wenye haraka tu. Tukirudi nyumbani alimuuliza baba kama yeye amepata habari, na baba alikuwa na jibu moja, daima lilelile: "Mwenyewe akirudi atatuelezea." Choo kikibomoka, mwenyewe akirudi atakijenga. Bati likivuja kwenye chumba cha Zaina, mwenyewe akirudi atalibadilisha. Nililipenda hilo neno. Nilifikiri baba anampenda sana mdogo wake kwa kuwa alikuwa hawezi kumaliza siku bila kumtaja.

Kisha gari likaanza kulia. Baba alikuwa anabeba abiria kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, na siku ambazo hatukuwa na shule alinipakia mbele, katikati yake na abiria. Kwenye kona ya kuingia Kigwena, pale ambapo miti ya msitu inakaribia lami, nilisikia chini ya miguu yangu: ta, ta, ta, ta. Kona ilipokwisha, sauti ikakwisha. Kona nyingine ikaja, ikarudi. Abiria nao waliisikia, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mvuvi mmoja alisema ni kokoto iliyonasa kwenye tairi. Mwalimu akasema hapana, hiyo ni rulema, yaani beringi ya gurudumu, yeye shemeji yake ana gari. Mama mmoja mwenye ndizi akasema kwa upole kwamba kuna mtu ana wivu na hii familia. Baba aliongeza sauti ya redio. Mwalimu aliposhikilia kwamba gari lipelekwe kwa fundi, baba alimjibu kwamba mwenyewe akirudi atalitengeneza.

Mimi nilijua ni nini. Ile sauti ilikuwa ya mtu anayebisha hodi. Kuna mtu chini, nikafikiri, na gari likipinda anabanwa ndipo anagonga, likinyooka anapumzika. Sikuogopa. Nilimwona ni mtu mvumilivu, maana alikuwa hapigi kelele, anagonga tu na kungoja. Mara nyingine nilimjibu kwa kisigino, ta ta, na baba akanipiga kikofi cha mguu akitaka nitulie.

Sauti iliendelea kukua. Mwanzoni ilisikika kwenye kona kali, baadaye hata gari lilipokwepa shimo dogo. Siku moja kwenye kona ileile ya Kigwena ikagonga kwa nguvu mpaka usukani ukatetemeka, na mama mmoja aliyepakata mtoto akaomba ashushwe. Abiria wengine wakamfuata. Tulirudi Rumonge gari likiwa tupu, baba amekunja uso, na hapo ndipo akalipeleka kwa Gaspari.

Gaspari hakulifungua gari kwanza. Alisema lazima alisikie likitembea. Tukaenda kwenye uwanja wa mpira, akaketi mbele, mimi nyuma, akamwamuru baba aendeshe moja kwa moja. Kimya. Akamwambia akanyage mafuta, kisha aachie ghafla. Kimya. Akamwambia akate usukani kulia mpaka mwisho na kuzunguka polepole. Sauti kidogo tu. Akate kushoto mpaka mwisho. Ta ta ta ta ta, tukazunguka uwanja mzima hivyo, na mbuzi wakakimbia. Gaspari alishuka akatembea kando ya gari ameinama, sikio karibu na gurudumu, mkono mmoja juu ya bodi kana kwamba anampeleka mgonjwa. Akaeleza kwamba ukikata kushoto linalia kulia, na mimi nikacheka peke yangu nyuma kwa kuwa maneno hayo yalinifurahisha.

Tulipofika kwenye kibanda chake aliweka kriki, akainua upande wa kulia, akajiingiza chini. Alikuta mpira unaofunika kile kiungo cha gurudumu umepasuka siku nyingi. Grisi yote imetoka, imerukia ndani ya rimu, na mahali pake umeingia mchanga. Alitoa kidole cheusi akamwonyesha baba, akakisugua ili asikie mchanga unavyokwaruza. Kiungo hicho ndicho kardani, na mafundi wetu wengi wanaimeza ile r yake. Gaspari alikuwa anaimeza yote.

"Asumani, huyu kadani alikufa zamani," alimwambia baba kutoka chini ya gari. "Alikufa, na wewe ulijua. Umemufungia tu humu, unatembea naye."

Nilikuwa nimechuchumaa kando, ninachezea kokwa za chikichi. Nilimwona baba akisimama. Uso wake ulibadilika rangi, nikadhani amejigonga kichwa kwenye bati la kibanda.

"Sema kardani," alisema. "Hiyo kitu iko na jina yake. Usiite vile."

Gaspari alicheka hukohuko chini, akasema kadani, kardani, yote ni moja, aliyekufa amekufa. Baba hakucheka. Aligeuka akaniona, akanitazama muda mrefu, kisha akaniambia niende nyumbani nikamwambie mama wasimngoje kwa chakula cha mchana.

Nilikwenda mbio. Sikulia njiani, sitaki kudanganya. Baba mdogo nilimkumbuka kidogo tu, kovu lake na filimbi yake. Kilichonisumbua zaidi ni namna alivyotosha mule ndani. Lakini alikuwa mfupi, na sasa nilielewa ni nani aliyekuwa anabisha hodi kwenye kona, na kwa nini boti zote zilikuja bila yeye. Alikuwa kwetu muda wote. Niliona ni habari kubwa, na kwamba mwenye haki ya kuipata kwanza ni Mama Mdogo Zaina, aliyekuwa akihangaika bure huko bandarini.

Nilimkuta uani ameinamia pipa, anaengua mawese kwa kata. Moshi ulikuwa mwingi. Mama yangu alikuwa mlangoni anachambua mboga za lengalenga.

"Mama mudogo, Kadani alikufa," nikasema.

Aliendelea kuengua. "Kadani nani?"

"Kadani yetu. Fundi anasema alikufa zamani. Baba anajua."

Kata iliteleza ikazama kwenye mafuta, naye hakuinama kuitafuta. Aliniambia nirudie, nikarudia neno kwa neno, pamoja na kufungiwa na kutembezwa. Akaketi chini, palepale kwenye majivu. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yeye mwenye sauti ya chini, na majirani wakaisikia mpaka barabarani.

Watu wa mtaa wetu wanajua kufiwa. Haukupita muda, uani kulijaa. Wanawake walitandika mikeka, wakaondoa pipa motoni, wakamvua Zaina bangili. Mtu alitumwa msikitini. Vyungu viliazimwa kwa jirani, na maharage yakaanza kuchemka kwa ajili ya wageni. Zaina aliingia chumbani akatoka na ile kanzu, imekunjwa vizuri, akaiweka mapajani. Na mama yangu, nililiona hili ingawa sikulielewa, hakuuliza kitu. Hakuniuliza nimesikia wapi, hakusema tumngoje baba. Aliweka lengalenga chini, akaingia ndani, akatoa mikeka.

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Ili kuingia kwetu ilikuwa lazima ukate kushoto, kwa hiyo lilikuja likigonga, ta, ta, ta, ta, mbele ya waombolezaji wote, Gaspari ameketi kando ya baba. Baba alizima injini. Alishuka. Aliona mikeka, akaona wanawake, akamwona Zaina na kanzu mapajani.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Zaina alininyooshea kidevu. Gaspari naye alikuwa ameshashuka, akaniita, akaniuliza kwa upole nimesema nini. Nikasema tena. Yule mzee, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alijipiga mapaja, akacheka mpaka akashika bodi ya gari. Akawaelezea watu. Kadani ya gari, jamani, kile chuma cha gurudumu, mtoto amesikia chuma amefikiri ni mtu. Kicheko kilianza upande wa wanaume, kikavuka kwa wanawake, na mmoja akapiga kigelegele. Walicheka kwa shukrani, hilo nawasamehe. Waliokuwa wamelia walicheka zaidi. Maharage yalikuwa yameshaiva, wakayala. Hapo ndipo kisa cha Gaspari kinapoishia.

Sasa mkia wake.

Watu walipokuwa wanakula, baba alinishika mkono akanipeleka nyuma ya choo. Alikuwa na mkanda mkuukuu wa injini, ule wa mpira wenye meno kwa ndani. Alinipiga nao miguuni na mgongoni, na alama za yale meno zilikaa kwenye mapaja yangu mpaka mvua zikaisha. Alisema utajifunza kunyamaza mambo ya watu wakubwa. Mtoto aliyeleta habari ya uongo angeambiwa aache uongo, sivyo? Baba yangu alinipiga kwa nguvu zake zote na hakulitamka neno uongo hata mara moja. Ilinichukua miaka mingi kulitambua hilo, na siku nilipolitambua nilikuwa ninaosha vyombo kwangu, mtu mzima, na nilivunja sahani.

Jioni, baada ya swala ya magharibi, wageni walikuwa wamekwenda na mikeka imerudishwa. Zaina alinawa mikono, akaja akasimama mlangoni mwa sebule. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka kwa sababu ya maumivu, na hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Shemeji," alisema, "uliponikuta kwenye mukeka uliniuliza nani aliniambia. Hukuniuliza nani amekufa."

Baba alitazama taa. Mama akasema taratibu, "Mwambie, basi."

Baba akamwambia. Ukuta wa shimo ulikuwa umeanguka huko milimani, ukawafunika kadhaa, na Kadani mmoja wao. Walimzika hukohuko. Mwendesha boti mmoja alileta habari, akampa baba bandarini kama mwanamume anavyompa mwanamume mwenzake, na ilikuwa kabla ya mwezi wa kufunga. Sio mwezi wa kufunga uliokuwa umepita karibuni. Ule wa mwaka wa nyuma yake. Baba alisema aliogopa, Zaina alikuwa na tansyo, ule ugonjwa wa presha, angeweza kufa na mawazo. Alisema alikuwa anatafuta siku nzuri. Siku nzuri. Ijumaa zote zile alimwona anaianika kanzu, akapita chini ya kamba akiwa ameinamisha kichwa asiiguse, na hakuna Ijumaa aliyoiona nzuri.

"Idi nilipaka hina," Zaina alisema. "Mikono yote miwili. Nikakuonyesha, nikakuuliza kama yeye ataipenda. Ulinijibu nini?"

Baba alisogeza taa kando.

"Ulinijibu mwenyewe akirudi ataona."

Mjane kwetu hapaki hina. Hatoki kwenda sokoni kujipitisha, hajipambi, anakaa eda yake miezi minne na siku kumi, watu wanamjia, wanampikia, wanamshika mkono, na anapotoka kila mtu anajua amevuka nini. Zaina alikwenda kwa shehe kuuliza aanze kukaa lini. Shehe alikuwa mtu mwema na alimjibu kwa upole. Alimwambia eda inahesabiwa tangu siku mume alipofariki, si tangu siku mke alipopata habari, kwa hiyo yake ilikuwa imeshakwisha. Hakuwa na deni lolote. Alikuwa huru. Watu walimpongeza kwa hilo, kana kwamba ni bahati. Alikuwa amekaa eda yake bandarini, akiwauliza wasafiri juu ya kovu la kidevuni.

Kisha wazee wakakutana kugawa mali ya marehemu, maana mke ana fungu lake. Mali yenyewe ilikuwa kanzu, sanduku na gari. Baba alisimama akasema gari si mali tena, ni chuma chakavu, wenyewe wamelisikia linavyolia, kardani yake imekufa. Siku hiyo pia aliitamka vizuri, na r yake. Gaspari aliitwa kama mjuzi, akaulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli. Na ilikuwa kweli, kwa siku hiyo. Wazee wakampa Zaina sanduku na kanzu. Gari likabaki mahali lilipo. Haikupita juma, kardani ya okaziyo, iliyokwisha kutumika kwingine, ikashushwa kutoka Bujumbura, na Gaspari huyohuyo akaifunga, na mpira mpya, na grisi mpya. Yale matengenezo yaliyokuwa yanamngoja mwenyewe arudi yalifanyika asubuhi moja.

Nimejaribu kumtetea baba. Alikuwa na sisi wa kulisha, na lile gari ndilo lililotulisha, mimi ninayeandika haya nilisomeshwa na magurudumu yale. Labda mwanzoni alinyamaza kwa huruma kweli. Lakini huruma haifiki mpaka Idi ya pili, na kama ilikuwa huruma, kwa nini gari lilipona siku ilipokuwa salama kupona? Namkasirikia mpaka leo, na amekwisha kufa, na sina pa kuipeleka hii hasira.

Zaina aliamua kurudi kwao Minago. Baba alisema atampeleka mwenyewe, akaweka sanduku nyuma na mimi juu yake. Zaina aliketi mbele, mahali pangu. Barabara ya Minago inafuata ziwa, ina kona nyingi, na kila kona niliisubiri ile sauti. Haikuja. Aliyekuwa anabisha hodi alikuwa amenyamaza. Baba aliwasha redio, Zaina akanyoosha mkono akaizima, na tukaendelea kimya, kulia, kushoto, kulia, gari linateleza kama jipya. Karibu na kwao, kwenye kona ya mwisho ya kukata kushoto, aliinamisha kichwa kidogo akasikiliza.

"Kumbe inapona," alisema.

Tukafika. Alishuka, akateremsha sanduku mwenyewe, akaja dirishani kwangu akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa bado una rangi ya mawese. Aliniambia murakoze, neno tunalompa mtu mzima aliyetufanyia jambo, na alikuwa mtu pekee kwenye habari hiyo yote aliyenishukuru.

Basi siku ya hitima walicheka. Mama yangu alikuwa chumbani, ameanza eda yake siku ileile baba alipokata roho, bila kukosa hata saa moja, wanawake wanamletea uji na kumshika mkono. Gaspari alikuwa amefika pale pa chuma na mtu. Nilisimama, birika bado liko mkononi.

"Fundi," nikasema, "baba aliposhuka kwenye gari alisema nini?"

Alinitazama huku meno bado yako nje. Alisema kisa kimekwisha, binti yangu, ni hapo tu.

"Hakijakwisha. Ulikuwa umekaa kando yake. Alisema nini?"

Wanaume waliacha vikombe. Mtu mmoja alinong'ona kwamba nina uchungu wa msiba, niketi. Sikuketi. Gaspari alisugua vidole vyake, vilevile alivyokuwa anasugua mchanga wa kwenye grisi.

"Alisema, nani alikuambia."

"Aliuliza nani amekufa?"

"Hapana," Gaspari akasema. "Hakuuliza."

Upande wa jikoni, kwenye mkeka wa wanawake, alikuwa ameketi Mama Mdogo Zaina. Alikuwa amekuja na gari la asubuhi kutoka Minago, ana mvi sasa, ana wajukuu. Mikono yake ilikuwa imepakwa hina, mbichi, nyekundu, kuanzia kwenye kucha mpaka viganjani. Wanawake walikuwa wakinong'ona juu yake tangu afike, na mmoja alikuwa amemletea kanga ajifunike. Kanga ilikuwa imekunjwa kando yake. Alinyanyua kikombe chake cha chai kwa mikono yote miwili, akanywa, akakirudisha chini.

"Endelea, Gaspari," alisema. "Sasa waambie ya gari."

Gaspari aliangalia ile mikono. Kisha akavuta kiti chake nyuma kidogo, akaanza upya.